UZI: Kodi tunalipa, mbona maktaba hatuna? Historia ya pesa za shule, tukiangalia kutoka Ganda

1. Kikao cha bajeti kikifanyika upande wetu wa Ganda, kuna maswali matatu ambayo hayakosi. La kwanza: kwa nini kaunti haijengi madarasa ya sekondari? La pili: mbona ushuru umezidi, wapunguze. La tatu huulizwa na kijana aliyekaa nyuma: maktaba ya umma tutapata lini? Yote matatu hupigiwa makofi, na yote hujibiwa kwa ahadi.

2. Leo nataka tuyapange haya maswali, maana ukiyaangalia vizuri hayakai pamoja. Moja linaulizwa kwa mtu asiyehusika. Jingine linaomba huduma iongezwe na pesa zipunguzwe kwa pumzi moja. La tatu ndilo lenye nguvu kisheria, na ndilo hutupwa kwanza.

3. Kanuni ni ileile ya nyuzi zote: hakuna jina la mwanasiasa wa leo, hakuna chama. Ukitaka kutetea mtu wako, fungua uzi wako. Hapa tunaangalia mfumo.

4. Tuanze 1901. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilileta kanuni za kodi ya kibanda. Kila kibanda kihesabiwe, mwenyewe alipe. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume ambao hawakuwa na kibanda cha kulipia. Sasa jiulize, Mgiriama wa bonde la Sabaki wakati huo alikuwa anapata nini kwa kodi hiyo? Shule? Zahanati? Hakuna. Kodi ilikuwa ya kuendesha ofisi ya mkusanyaji kodi, na pia ya kumsukuma mtu atoke shambani kwake akafanye kibarua ili apate hela ya kulipa.

5. Hapo ndipo pana shida ya kwanza. Wagiriama walikuwa na nafaka yao, walikuwa wanauza, hawakuwa na haja ya kwenda kulima shamba la mtu mwingine. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola wakawakusanya watu, viapo vikalishwa, ushirikiano na serikali ukakatwa. Mekatilili akakamatwa, akapelekwa magharibi mwa Kenya. Agosti 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka.

6. Baada ya vita ikaja adhabu: faini ya rupia 100,000, vibarua 1,000, na amri ya kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Yaani uliyekataa kulipa kodi unalipishwa faini, unatoa kijana wako na unapoteza shamba.

7. Kwa nini nayaleta haya kwenye mjadala wa maktaba? Kwa sababu kila mara mtu anaposema "watu wa Kilifi hawapendi kulipa kodi," anasahau kwamba kumbukumbu ya kwanza ya kodi huku ni ya kuhesabiwa vibanda kabla ya kujengewa hata darasa moja. Shule za mwanzo upande huu, tangu Rabai miaka ya 1840, zilikuwa za wamisheni. Chuo cha Kurani kililipiwa na wazazi na waqfu. Serikali ilikuja na daftari la kodi kwanza, kalamu ya mwalimu ikaja baadaye sana.

8. Na maktaba je? Mombasa ilipata maktaba ya umma ya Seif bin Salim mwaka 1903. Iko kwenye historia kama maktaba ya umma ya kwanza nchini. Nairobi ilipata McMillan mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mlango ulifunguliwa kwa wote mwaka 1958. Zote mbili zinabeba majina ya watu. Maktaba ilianza kwetu kama kumbukumbu ya tajiri, na mpaka leo wengi wetu tunaifikiria hivyo: zawadi ya mfadhili. Hatuifikirii kama kitu cha kudai, tunavyodai maji au barabara.

9. Sasa twende 1924. Sheria ikabadilishwa, yakaundwa Mabaraza ya Wenyeji. Yalikuwa chini ya mkuu wa wilaya, msidhani ni demokrasia. Lakini yalipewa kitu kimoja muhimu: uwezo wa kutoza mchango wa ziada wa eneo na kuamua utumike kwa nini. Sehemu za Kati na Nyanza, mabaraza yalikimbilia shule. Watu waliokuwa wanalalamika kodi ya serikali kuu walikubali kutozwa zaidi na baraza lao, maana waliona hela inakwenda wapi. Mpaka maafisa wa kikoloni wakaanza kuwazuia, wakisema wanataka shule za juu mapema mno.

10. Shikilia hapo. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa ya uzi huu. Mtu yuleyule anayekimbia kodi moja anaweza kukubali nyingine, kama inakusanywa karibu, ina jina la kazi yake, na anaweza kwenda kuliona jengo kwa macho.

11. Lakini kuna upande wa pili na lazima tuwe wakweli. Baraza lililokuwa na watu wenye kahawa au mshahara lilikusanya vizuri. Eneo la mahindi, minazi na mikorosho, lenye ardhi isiyo na hati, lilikusanya kidogo. Ukiacha kila eneo lijitegemee kwa shule, walionacho wanasonga na wasionacho wanabaki. Pengo la elimu kati ya Pwani na Kati lina sababu nyingi, ila hii ni mojawapo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kila eneo lijilipie," muulize: hata Ganze? Hata Magarini?

12. Uhuru ulipofika 1963, mfumo wa majimbo uliahidi kwamba maeneo yataendesha mambo yao, elimu ya msingi ikiwemo. Majimbo hayakudumu; katiba ikabadilishwa 1964. Lakini halmashauri za kaunti zilibaki na kazi tatu kubwa: shule za msingi, afya na barabara ndogo. Pesa zake zilitoka hasa kwa ile kodi ya kila mtu kulingana na kipato chake, pamoja na karo na ruzuku ya serikali kuu.

13. Ikawaje? Watoto wakafurika shuleni, wazazi wengi wakashindwa kulipa, wakusanyaji wakazembea au wakala. Halmashauri nyingi zikawa zinachelewesha mishahara ya walimu miezi. Chama cha walimu, KNUT, kilichoanzishwa 1957, kilitaka mwajiri mmoja wa walimu wote, na 1967 ikazaliwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC.

14. Halafu ikaja sheria ambayo nadhani ndiyo muhimu zaidi na isiyozungumzwa kabisa: sheria ya 1969 ya kuhamisha majukumu. Kuanzia Januari 1970 shule za msingi, afya na barabara zikatolewa kwa halmashauri za kaunti zikapelekwa Nairobi. Ile kodi ya kila mtu nayo ikaenda na baadaye ikafutwa. Manispaa chache kubwa tu ndizo zilizobaki na shule.

15. Ukisoma mjadala wa wakati huo utaona hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Mwalimu alipata mshahara kwa wakati, na mwalimu wa Ganda akalipwa sawa na mwalimu wa Nyeri. Hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Lakini halmashauri ikabaki na nini? Soko, stendi, leseni, ushuru wa mazao. Yaani ikabaki na sehemu ya kutoza, ikapoteza sehemu ya kuhudumia.

16. Hapo ndipo alipozaliwa kanjo tunayemjua. Mtu wa tiketi na rungu. Kizazi kizima kikakua kikijua kwamba serikali ya karibu ni ya kufukuza mama mboga, na serikali ya mbali ndiyo inayoleta mwalimu. Ukitaka kuelewa kwa nini ushuru wa soko unachukiwa hata ukiwa shilingi chache, anza hapo. Chuki yenyewe haikuanza na kaunti za 2013.

17. Sasa karo. Mwaka 1974 karo ya darasa la kwanza hadi la nne ilifutwa. Wazazi wakashangilia, kisha shule zikaleta mchango wa majengo, mara nyingine mkubwa kuliko karo yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 70 madarasa yaliyobaki nayo yakafutiwa karo, na maziwa ya shule yakaja. Mwaka 1988 ukaja mpango wa kugawana gharama, mzigo ukarudi kwa mzazi. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure tena: serikali ikatoa shilingi 1,020 kwa mwanafunzi kwa mwaka.

18. Hesabu kidogo. 1,020 kwa mwaka ni shilingi 85 kwa mwezi. Baadaye ikapanda hadi 1,420, ambayo ni kama 118 kwa mwezi. Hapo kuna vitabu, chaki, ukarabati, umeme. Sekondari ya kutwa ilianza 2008 kwa 10,265 na ikafika 22,244. Sekondari msingi ilipoanza 2023 ilipangiwa 15,042. Ukiona shule inaomba "mchango wa hiari" usioepukika, usimrukie mwalimu mkuu tu. Kuna pengo, na lazima mtu alizibe.

19. Na hiyo ndiyo kodi ya eneo ambayo hatuiiti kodi. Harambee ya darasa, mchango wa mlinzi, pesa ya mwalimu aliyeajiriwa na bodi, hela ya mtihani wa majaribio. Haina sheria, haina risiti ya maana, na inamgusa maskini sawa na tajiri. Anayesema "sisi hatutaki kodi ya kaunti" huwa tayari analipa kodi ya shule kila muhula. Tofauti ni kwamba ile ya kaunti angeweza kuihoji.

20. Twende haraka miaka ya karibu. Mwaka 1999 serikali za mitaa zikaanza kugawiwa asilimia 5 ya kodi ya mapato kupitia mfuko wa LATF. Mwaka 2003 ukaja mfuko wa maeneo bunge, CDF, asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Kuanzia hapo mbunge akawa mjenzi wa madarasa. Darasa likapakwa rangi, likaandikwa nani kaleta. Tukazoea. Tukasahau kwamba kazi ya mbunge kwenye katiba ni kutunga sheria, kuidhinisha pesa na kusimamia serikali.

21. Mkanganyiko huo haujaisha. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF ya 2015 inakiuka Katiba, ikatoa muda hadi Juni 30, 2026. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aliziambia kaunti zisilipe basari kwa shule ambazo si jukumu lake bila makubaliano rasmi na serikali kuu, na hilo nalo likafika mahakamani. Wazazi wengi walisikia tu "wanataka kutunyima basari." Swali la kweli lilikuwa: nani alitakiwa kulipa tangu mwanzo?

22. Basi tufungue Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Weka picha ya skrini hapa.
– Shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, mitaala, mitihani: serikali kuu.
– Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, vituo vya kutunza watoto: kaunti.
– Maktaba: kaunti.
Ndiyo. Maktaba ni kaunti, imeandikwa kwa jina lake.

23. Na imekaa wapi? Kwenye orodha moja na leseni za pombe, kamari, sinema, makumbusho, michezo na bustani. Kwa lugha ya kwetu: leseni ya mangwe na maktaba ziko kipengele kimoja. Sasa niambie, kati ya hizo mbili, ofisi gani ya kaunti umewahi kuiona ikifanya kazi kijijini? Ya kuja kukagua leseni ya mnazi inajulikana mpaka kwa rangi ya gari. Ya kuja kuuliza watoto wanasoma wapi jioni sijaiona. Nilimaliza shule ya msingi bila kuingia maktaba ya umma hata mara moja, na sidhani niko peke yangu.

24. Upande wa pesa, angalia Kifungu cha 209. Kaunti inaweza kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, nyingine yoyote itakayoruhusiwa na sheria ya Bunge, pamoja na ada za huduma inazotoa. Kodi ya mapato, VAT, forodha na ushuru wa bidhaa ni za serikali kuu. Na Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala leseni bila sheria. Akija mtu na kitabu cha risiti, una haki ya kuuliza: sheria ipi, ya mwaka gani?

25. Kaunti inaishi kwa nini hasa? Mwaka wa fedha 2021/22 Kilifi ilitengewa karibu bilioni 11.6 kutoka mgao wa taifa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787. Ukigawa unapata kama shilingi 8,000 kwa kila mkazi kwa mwaka: hospitali, chekechea, maji, barabara za kaunti, mishahara, yote. Zinazokusanywa hapahapa ni sehemu ndogo ukilinganisha na mgao huo. Kwa hiyo anayesema "kaunti inaendeshwa kwa jasho la mama wa soko la Ganda" anatia chumvi. Na anayesema "hamlipi chochote, mnataka nini" pia anadanganya.

26. Kwa nini anadanganya? Kwa sababu ukinunua sukari, sabuni au muda wa maongezi umelipa kodi. VAT ni asilimia 16. Mgao wa taifa si zawadi ya Nairobi, ni kodi yetu ikirudi. Katiba inasema angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa lazima iende kaunti. Kwa hiyo hata skwota asiye na hati ya ardhi, asiyelipa kodi ya ardhi hata senti, ni mlipa kodi kamili na ana haki ya kuuliza maktaba.

27. Hilo la skwota lina uzito wake huku kwetu. Kodi ya ardhi inafuata hati na daftari la thamani. Pwani, tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, familia nyingi zimekaa na kulima ardhi ambayo kwenye karatasi ni ya mtu mwingine. Matokeo yake ni ya ajabu: anayelipa ushuru kila siku ni muuza maembe mwenye beseni, na anayetakiwa kulipa kodi ya ardhi kwa kiwanja cha ufukweni anaweza kukaa miaka na deni. Nairobi yenyewe ilitumia daftari la thamani la mwaka 1980 kwa karibu miaka 40. Ardhi ilipanda bei, daftari likalala.

28. Hapa wanaharakati wa "punguza kodi" na wanaharakati wa "leta maktaba" wangeweza kukaa meza moja. Swali halipaswi kuwa kodi zaidi au kodi kidogo. Liwe: kodi ya nani? Ukipunguza ushuru wa beseni na ukasasisha daftari la thamani ili kiwanja cha ufukweni kilipe kinachostahili, mama anapumua na maktaba inapata pesa. Onyo: familia zinazopata hati mpya za makazi nazo zitaanza kuletewa bili. Nimesikia wazee wakishangaa, "Tumepigania hati miaka yote, kumbe ina bili ndani?" Kuwe na kiwango cha chini kisichotozwa au msamaha kwa makazi ya familia, na uandikwe kwenye sheria, usiachwe kwa huruma ya karani.

29. Tuchungulie majirani, tusidhani tuko peke yetu. Tanzania ilifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003. Uganda iliacha kodi yake ya kila mtu mwaka 2005. Kote watu walifurahi na walikuwa na sababu: ukusanyaji ulikuwa wa kukimbizana, wengine kufungwa. Lakini serikali za mitaa zikapoteza pesa zake na zikategemea ruzuku zaidi. Na anayetegemea ruzuku humsikiliza mtoa ruzuku kuliko mwananchi. Ni kile kilichotupata sisi baada ya 1970.

30. Sasa turudi kwa maswali matatu ya mwanzo.

Swali la kwanza, madarasa ya sekondari. Mwenye jukumu ni serikali kuu. Mgombea wa wadi akikuahidi sekondari, muulize kwa kifungu kipi. Kaunti inaweza kusaidia kwa makubaliano rasmi, lakini kila shilingi inayokwenda huko imetoka kwenye chekechea, ambayo haina mwenyewe mwingine. Mtoto wa miaka minne anayesomea chini ya mwembe hana mbunge wa kumkimbilia.

31. Swali la pili, kodi ipunguzwe. Sema ipi, na useme ya nani ipandishwe badala yake, au huduma gani ikatwe. Ukisema "zote" umemsaidia mkusanyaji, maana hoja isiyo na jina haiandikwi kwenye kumbukumbu za kikao. Ikiandikwa "ushuru wa kuingiza maembe sokoni chini ya idadi fulani ufutwe," lazima ijibiwe.

32. Swali la tatu, maktaba. Hili halina pa kujificha. Katiba imelitaja, mwenye jukumu anajulikana, na halihitaji bilioni. Chumba, rafu, vitabu vya mtaala na vya hadithi, umeme, intaneti, msimamizi anayelipwa. Kuna wanaosema vijana wana simu, maktaba ya nini? Jibu langu: simu yenye bando ya siku moja haimsaidii mtoto anayetaka kusoma saa mbili jioni kwenye nyumba ya chumba kimoja. Maktaba ni meza, taa na ukimya. Vitu hivyo vitatu havipakuliwi.

33. Upinzani wa haki ninaousikia ni huu: "Maji hatuna, unataka maktaba?" Sina jibu la kejeli kwa hilo. Ukiniwekea kisima na maktaba mezani na pesa ni ya kimoja, nitachagua kisima. Lakini chunguza bajeti kama kweli hizo ndizo zinazoshindana. Mara nyingi maktaba haishindani na kisima. Inashindana na safari, viburudisho na magari. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Anza kuuliza hapo kabla hujakubali kwamba kitabu ni adui wa maji.

34. Msimamo wangu, ili mnipige mawe vizuri: mshahara wa mwalimu ubaki kwa taifa, kwa sababu ya usawa. Historia ya kabla ya 1970 inatosha kutuonya. Lakini maktaba na chekechea zifungwe na chanzo cha mapato cha hapahapa kinachojulikana kwa jina. Kwa mfano sehemu ya leseni za pombe na kamari za Malindi iandikwe kwenye sheria ya kaunti kuwa ya maktaba. Zimekaa kipengele kimoja kwenye Katiba. Basi zikae kipengele kimoja kwenye bajeti. Mtu akilipa leseni ya mangwe ajue amenunua rafu.

35. Najua hoja dhidi yake: pesa zilizofungwa hunyima bajeti wepesi, na leseni zikishuka maktaba inayumba. Ni kweli. Ndiyo maana nasema sehemu, isiwe chanzo pekee. Lakini mapungufu ya pesa yenye jina nayaona madogo kuliko ya pesa isiyo na jina, ambayo tumeijaribu zaidi ya miaka 50.

36. Mwisho, tarehe. Hizi zinatokana na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, hazibadiliki kwa hasira za mtu:
– Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa kwa bunge la kaunti. Kama maktaba haimo hapa, Juni umechelewa.
– Februari 28: waraka wa mkakati wa fedha. Hapa ndipo viwango vya kila idara hupangwa.
– Aprili 30: makadirio ya bajeti.
– Baada ya bajeti kupita: Sheria ya Fedha ya kaunti, yenye kila ushuru na ada. Ya maembe imo humo.

37. Watu wengi hujaza ukumbi Mei na Juni, wakati kazi imeshaisha. Ukumbi wa Agosti huwa na viti vitupu. Ukitaka kuuliza swali moja mwaka huu, uliza mapema, uliza kwa maandishi, na uombe nakala yenye muhuri. Katiba, Kifungu cha 37, inakupa haki ya kuwasilisha malalamiko, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inalazimisha ujibiwe. Saini kumi za wazazi wa chekechea zina nguvu kuliko makofi ya ukumbi mzima.

38. Maswali matatu ya kunakili, mbadilishe jina la wadi yenu:
(a) Katika mpango wa mwaka huu, wadi ya Ganda imetengewa shilingi ngapi kwa maktaba na chumba cha kusomea, na ziko ukurasa gani?
(b) Mwaka uliopita kaunti ilikusanya kiasi gani kutoka kwa leseni za pombe na kamari ndani ya Malindi, na zilitumika kwa kazi gani?
(c) Daftari la thamani ya ardhi lilisasishwa lini mara ya mwisho, na deni la kodi ya ardhi ya viwanja vya ufukweni ni kiasi gani?

39. Mkijibiwa, leteni jibu hapa, hata kama ni "hatuna takwimu." Hilo nalo ni jibu, na tutaliweka kwenye rekodi. Wadi nyingine za Kilifi, Kwale, Lamu na Tana River, nasubiri zenu. Mwisho wa uzi.